Kifimbo Hupita, Jiji Hubaki

Ipo tabia iliyoenea duniani ya kuisifu kazi ya wengi kwa jina la mtu mmoja. Nyumba ikisimama imara husifiwa aliyechora ramani, na waliochanganya saruji wakasahauliwa. Katika muziki wa simfoni tabia hiyo imekomaa kuliko mahali pengine popote. Watu 70, 80 au zaidi hupiga fidla, hupuliza zumari na tarumbeta, hupiga ngoma kwa muda wa saa mbili. Kisha sifa zote huenda kwa yule mmoja ambaye hatoi sauti hata moja, yaani mwongozaji anayesimama mbele yao na kifimbo mkononi.

Hapana ubishi kwamba mwongozaji ana kazi yake, tena kazi kubwa. Ndiye anayeamua mwendo, anayepima nguvu ya sauti, na anayewafanya watu wengi wenye mafunzo mbalimbali waseme neno moja. Lakini historia ya Okestra ya Simfoni ya Jiji la Birmingham, nchini Uingereza, inafundisha kwamba mwongozaji ni mgeni hata akikaa miaka 18. Mwenyeji ni jiji. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa Halmashauri ya Jiji hilo uliopitishwa mwezi Machi 2024, wa kuipunguzia okestra ruzuku kwa nusu na kisha kuifuta kabisa katika mwaka wa fedha uliofuata, ni jambo la kutazamwa kwa makini na kila anayeamini kwamba utamaduni ni mali ya umma.

ASILI

Birmingham si makao makuu ya nchi. Ni jiji la viwanda lililopo katikati ya Uingereza, ambalo watu wake walijulikana kwa kufua chuma, kutengeneza bunduki, vifungo, nibu za kalamu, na baadaye magari. Katika nchi ambayo London huvuta kila kitu, fedha, magazeti, vyuo na wasanii, mji wa viwanda hutarajiwa kuzalisha mali na kuwaachia wengine starehe za roho. Birmingham ilikataa mgawanyo huo wa kazi.

Ukumbi wake mkubwa, Town Hall, ulifunguliwa mwaka 1834. Humo ndimo utungo wa Mendelssohn uitwao Elijah ulipopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1846, na humo ndimo The Dream of Gerontius wa Edward Elgar uliposikika kwanza mwaka 1900. Hata hivyo, matamasha hayo makubwa yalikuja kila baada ya miaka mitatu. Wanamuziki walikusanywa kutoka huku na huko, wakapiga, wakalipwa, wakatawanyika kama wachuuzi baada ya gulio. Jiji lilikuwa na ukumbi lakini halikuwa na okestra. Lilikuwa na mtungi mzuri, na maji yake ni ya kununua.

Mwaka 1916, wakati Vita Kuu ya Kwanza inaendelea, Meya wa Jiji alitoa hoja kwamba Birmingham iwe na okestra yake yenyewe, na kwamba sehemu ya gharama itokane na kodi za wakazi. Meya huyo alikuwa Neville Chamberlain. Dunia inamkumbuka zaidi kama Waziri Mkuu aliyetia saini mkataba wa Munich na Hitler mwaka 1938, na historia imemhukumu kwa hilo. Lakini katika jambo la okestra aliona mbali. Inafaa kukumbuka kwamba hakuwa mjamaa. Alikuwa mfanyabiashara, na aliongoza chama cha Wahafidhina. Hata yeye alitambua kwamba kuna vitu ambavyo soko peke yake haliwezi kuvileta, na likivileta haliwezi kuvitunza.

Okestra ilianza kupiga mwezi Septemba 1920 chini ya Appleby Matthews, mtu aliyekuwa akiongoza bendi ya polisi wa jiji hilo. Tarehe 10 Novemba mwaka huo, Elgar mwenyewe alisimama Town Hall na kuongoza tamasha la uzinduzi. Kwa hiyo mwanzo wake ulikuwa wa namna mbili kwa pamoja: bendi ya polisi upande mmoja, na mtunzi mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo upande wa pili. Huo ni mwanzo mwema kwa chombo cha umma.

WAGENI WALIOPEWA JEMBE

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Birmingham iliwapa waongozaji wake jembe, na kila mmoja alilima kadiri ya nguvu zake kabla ya kuondoka. Adrian Boult alifika mwaka 1924, akaijenga okestra kwa miaka sita, na mwaka 1930 London ikamwita kwenda kuanzisha okestra ya shirika la utangazaji la BBC. Leslie Heward, ambaye aliwahi kufanya kazi Cape Town, alishika nafasi hiyo mwaka 1930 na kuilea okestra kwa fedha kidogo na afya dhaifu, mpaka kifua kikuu kilipomuua mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 45.

Katika miaka yote hiyo wanamuziki hawakuwa na ajira ya kudumu. Walipiga katika msimu wa matamasha, na muda uliobaki walitafuta riziki kwingineko. Mabadiliko yalikuja mwaka 1944. Jiji lilikuwa limepigwa mabomu vikali na ndege za Kijerumani, vita vilikuwa havijakwisha, na vitu vingi vilikuwa kwa mgawo. Katika hali hiyo ndipo okestra ilipofanywa kuwa ya kudumu, wanamuziki wake wakalipwa mwaka mzima, na kazi ya kuwapigia watoto wa shule ikawa sehemu ya wajibu wao. George Weldon ndiye aliyeiongoza katika hatua hiyo. Mwaka 1948 ikachukua jina lake la sasa.

Kisha Birmingham ikawa kimbilio. Rudolf Schwarz, Myahudi aliyezaliwa Vienna, alipitia kambi za mateso za Wanazi, ikiwa ni pamoja na Auschwitz na Bergen-Belsen, akatoka hai mwaka 1945. Jiji lilimkabidhi okestra yake kuanzia mwaka 1951 hadi 1957. Akafuatia Andrzej Panufnik, mtunzi aliyetoroka Poland mwaka 1954, ambaye aliongoza kwa miaka miwili kisha akaacha ili apate nafasi ya kutunga. Pengo lilipotokea, Boult alirudi akiwa na umri wa miaka 70 kuliziba kwa msimu mmoja. Wakati wa Hugo Rignold, mwaka 1962, okestra hiyo ilishiriki kuupiga kwa mara ya kwanza utungo wa Benjamin Britten uitwao War Requiem, katika kanisa kuu jipya la Coventry lililojengwa kando ya magofu ya lile lililobomolewa na mabomu. Okestra ya mkoani, wala si ya makao makuu, ndiyo iliyopewa heshima hiyo.

Louis Frémaux, Mfaransa, alikuja mwaka 1969. Katika wakati wake, mwaka 1973, iliundwa kwaya kubwa ya okestra yenye waimbaji wa kujitolea. Lakini mwaka 1978 kulizuka mgogoro mkali baina ya wanamuziki na uongozi, na Frémaux akaondoka pamoja na meneja mkuu. Okestra ikabaki bila kichwa.

Hapa ndipo pa kutua na kufikiri. Kama okestra ingekuwa ni mwongozaji, basi mwaka 1978 ingekufa. Haikufa. Wanamuziki waliendelea kulipwa, shule ziliendelea kupata matamasha, kwaya iliendelea kufanya mazoezi. Chombo kilichojengwa juu ya mtu huanguka naye. Kilichojengwa juu ya umma humlilia aliyeondoka, kisha hutafuta mwingine.

KITALU

Aliyepatikana alikuwa kijana wa Liverpool aitwaye Simon Rattle. Alianza kazi mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 25. Okestra yenye kuhesabu mapato ya mlangoni peke yake isingethubutu kumchukua. Ingetafuta mzee mwenye jina lenye kuuza tiketi. Birmingham ilithubutu kwa kuwa ilikuwa na kitu ambacho okestra nyingi hazina, nacho ni muda. Ruzuku ya umma, ya jiji na ya taifa, ndiyo iliyonunua muda huo. Kijana alipewa nafasi ya kukosea na kujifunza, ya kuwapigia wasikilizaji tungo za karne ya 20 ambazo hawakuzizoea, ya kurudia mazoezi mpaka kieleweke.

Rattle alikaa miaka 18. Mwaka 1991 Halmashauri ya Jiji, kwa msaada wa fedha za Jumuiya ya Ulaya, ilifungua ukumbi mpya wa Symphony Hall, ambao wataalamu wa sauti wanauhesabu miongoni mwa kumbi bora duniani. Mwaka huo huo ulianzishwa mpango wa kupitia muziki wa karne nzima, muongo mmoja kwa kila mwaka, hadi mwaka 2000. Watu husema Rattle aliijenga okestra ya Birmingham. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba Birmingham ndiyo iliyomjenga Rattle. Alipokabidhiwa okestra ya Berlin mwaka 2002, alikwenda na ujuzi alioupata kwa fedha za walipa kodi wa mji wa viwanda.

Wala hakuwa wa mwisho. Sakari Oramo wa Finland, ambaye awali alikuwa mpiga fidla, alishika kifimbo mwaka 1998. Andris Nelsons wa Latvia, mpiga tarumbeta, alianza mwaka 2008 akiwa hajafikisha miaka 30, na baadaye akachukuliwa na okestra ya Boston nchini Marekani. Mwaka 2016 alikuja Mirga Gražinytė-Tyla wa Lithuania, mwanamke wa kwanza kuiongoza, akiwa na umri wa miaka 30. Kazuki Yamada wa Japani alishika nafasi hiyo mwezi Aprili 2023.

Orodha hiyo inasema jambo moja kwa sauti kubwa. Birmingham hainunui majina, huotesha miche. Ni kitalu ambacho Berlin, Boston na London huja kuchukua miti iliyokwisha kushika. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Na kitalu hakikubali maji ya msimu. Ukikinyima maji mwaka mmoja, hupotezi mti mmoja. Unapoteza miti yote ambayo ingepandwa miaka kumi ijayo.

MSIBA WA JIJI

Mwezi Septemba 2023 Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitoa tangazo la kisheria la kusimamisha matumizi yote mapya yasiyo ya lazima. Kwa lugha ya kawaida, jiji lilikiri kwamba limefilisika. Sababu zilikuwa kadhaa. Mfumo mpya wa kompyuta wa hesabu uligharimu fedha nyingi na haukufanya kazi ipasavyo. Ruzuku kutoka serikali kuu kwa halmashauri za Uingereza zilikuwa zimepunguzwa sana tangu mwaka 2010. Juu ya yote lilikuwapo deni la mishahara ya wanawake, lililokadiriwa wakati huo kwamba lingeweza kufika pauni milioni 760. Wapishi, wafagizi na watunza wagonjwa wa jiji walikuwa wamelipwa kwa miaka mingi pungufu ya wanaume waliofanya kazi za thamani sawa. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliwafungulia njia wengi wao kudai haki yao, na hata baada ya hapo jambo halikumalizwa.

Serikali kuu ilituma makamishna wa kulisimamia jiji. Mwezi Machi 2024 madiwani walipitisha upunguzaji wa matumizi wa takriban pauni milioni 300 kwa miaka miwili, huku kodi ya wakazi ikipandishwa kwa karibu asilimia 10 katika mwaka wa kwanza. Maktaba, huduma za vijana na matunzo ya wazee viliguswa. Ruzuku za sanaa zilifutwa. Uhusiano wa fedha kati ya jiji na okestra yake, uliodumu kwa zaidi ya miaka 100, ukakatwa katika bajeti moja.

HOJA NA MAJIBU

Zipo hoja nzito za kuunga mkono uamuzi huo, na si haki kuzidharau. Hoja ya kwanza inauliza: ni nani atakayemwambia mama aliyefagia ofisi za jiji kwa miaka 20 kwa mshahara wa dhuluma kwamba fedha zake zimekwenda kwenye fidla? Mwaka 2025 wazoa taka wa jiji hilo waligoma kwa miezi mingi, na taka zikarundikana mitaani. Je, katika hali hiyo mtu anaweza kusimama na kutetea simfoni?

Anaweza, na lazima aanze kwa kukiri kwamba mama yule ana haki yote. Deni lake si msaada wala fadhila. Ni jasho lake. Lakini haikuwa okestra iliyompunja. Aliyempunja ni mwajiri, yaani halmashauri yenyewe, kwa miaka mingi na chini ya viongozi wa vyama mbalimbali. Kumgombanisha mfagizi na mpiga fidla ni njia ya zamani ya kumficha mdaiwa halisi. Wote wawili ni wafanyakazi. Aidha, ruzuku ya okestra ilikuwa fungu dogo mno likilinganishwa na deni hilo. Kulifuta hakukumlipa mama yule mshahara wake. Kulimwondolea tu mjukuu wake nafasi ya kuisikia okestra ya jiji lake.

Hoja ya pili inasema kwamba okestra itaishi bila jiji, kwa kuwa Baraza la Sanaa la taifa bado linaichangia, na matajiri watatoa zaidi. Huenda itaishi. Lakini swali si kuishi tu. Swali ni kuishi kwa ajili ya nani. Anayelipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Tajiri mwema atatoa fedha, na hapana ubaya. Lakini atapenda jina lake liandikwe ukutani, atapenda tungo anazozijua, na mwaka ambao biashara yake itayumba hatatoa. Mwenye nyumba akijiuzulu, wapangaji wataamua rangi ya kuta.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi, nayo inaihusu okestra yenyewe. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya wakazi wa Birmingham ni watu wenye asili ya Asia, Afrika, Karibi na kwingineko. Ni wangapi kati yao wanaoingia Symphony Hall? Okestra inayodai kuwa ya jiji zima haina budi kuonekana katika jiji zima. Haitoshi kuweka bendera ya umma juu ya paa huku mlango ukifunguliwa kwa wachache.

Katika hili okestra haijakaa bure. Kwaya zake za kujitolea zimewaweka watu wa kawaida jukwaani pamoja na wanamuziki wa kulipwa. Mwezi Septemba 2023, mwezi ule ule jiji lilipotangaza kufilisika, ilifunguliwa huko West Bromwich, jirani na Birmingham, shule ya sekondari ya umma isiyotoza ada, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na okestra hiyo, ambamo muziki ni sehemu ya maisha ya kila siku ya wanafunzi. Huo ndio mfano wa kufuatwa. Lakini mfano mmoja hautoshi, na okestra itakayodai ruzuku irudi ni sharti ioneshe shule nyingi zaidi, mitaa mingi zaidi, na bei ya tiketi ambayo mfanyakazi anaweza kuimudu.

LA KUFANYA

Hapana anayedai kwamba jiji lenye madeni ligawe fedha lisizokuwa nazo. Kinachodaiwa ni kwamba mlango usifungwe kwa misumari. Halmashauri inaweza kusimamisha ruzuku kwa sababu ya dhiki. Lakini kuifuta kabisa ni kusema kwamba jambo lenyewe halikuwa na maana. Mara hesabu zitakapokaa sawa, madiwani wa Birmingham wanapaswa kurudisha fungu la okestra, hata liwe dogo, na kuliweka kwa mkataba wa miaka kadhaa ili lisiwe mpira wa kupigwa kila bajeti. Kwa upande wake, okestra iingie katika mkataba huo ikiwa na orodha ya shule na mitaa itakayoihudumia, na itoe hesabu kila mwaka mbele ya wananchi.

Deni la mama mfagizi lilipwe lote, tena bila kuchelewa. Madiwani wakumbuke pia kwamba mwaka 1944 walionunua chakula kwa kadi za mgawo walikubali kuwa na okestra ya kudumu, kwa sababu hawakutaka watoto wao warithi magofu peke yake. Waongozaji wataendelea kuja na kuondoka, kama walivyokuja na kuondoka tangu mwaka 1920, na hilo si la kuhuzunikia. Jiji halina pa kuondoka kwenda, na ndiyo maana wajibu wa kuitunza okestra hiyo hauwezi kuwekwa mikononi mwa mwingine yeyote.